Mkono Kifuani

Nina mlinzi asiye na kitanda wala kiti. Tangu nizaliwe hajasinzia hata mara moja. Nikilala anagonga, nikiamka anagonga. Siku atakayolala, watu watamzunguka, watamtazama, na wote watasema huyu ndiye aliyeiba. Wewe unayenisikiliza, mtaje. Ukishindwa nipe mji, na mji ninaoutaka ni huu huu wa kwetu Ngelewa, maana hakuna mahali mlinzi huyo aliposingiziwa kama hapa.

Kitendawili hicho nilimtegea kijana mmoja wa serikali akiwa amekaa uani kwangu, kikombe cha chai mkononi. Sikumtegea kwa mapenzi. Nilitaka anyamaze.

Jina lake Lusekelo, karani wa takwimu za vifo, ametoka makao makuu. Alinipa shikamoo mbili. Shikamoo ya kwanza ni adabu. Ya pili, kwa umri wangu huu, najua ina shida nyuma yake. Nikamkaribisha mkekani, nikampa chai na kiazi, nikamwangalia viatu. Vilikuwa na udongo mwekundu, na udongo mwekundu hapa kwetu uko makaburini tu.

Akatoa kioo chembamba kama chapati ya maji, akakitandaza juu ya mkeka. Kikasimamisha mji wetu wote hewani, vipaa vyake na vichochoro vyake, kila mtu aliyekufa akiwa nukta moja inayong'aa. Kwanza alinionyesha miji mingine. Nukta za ugonjwa wa moyo zilikuwa zimetawanyika kama ulezi uliomwagika: wanaume wengi, wazee wengi, miezi yote, saa zote. Kisha akarudi Ngelewa. Hapo nukta zilijikusanya kama siafu. Wanawake, wengi wao hawajafika miaka arobaini na mitano. Mwezi wa sita na wa saba, wakati wa kipupwe. Alfajiri.

"Hapa kwenu moyo una msimu, Bibi," akasema, "kama kumbikumbi."

Sikucheka. Nikamuuliza kama chai ina sukari ya kutosha.

Akasema inatosha. Halafu akasema, taratibu, bila kuniangalia usoni, kwamba amefuatilia ushahidi wa vifo hivyo vyote, mia mbili na kumi na moja kwa miaka minane, na amekuta umetolewa kwa sauti mbili tu. Moja ya Mwashi binti Kapalata. Nyingine yangu.

Ndipo nilipomtegea kitendawili cha mlinzi. Akafikiri, akakuna kichwa, akaomba muda. Nikamwambia achukue muda wote anaotaka, akatafutie jibu huko huko makao makuu. Akakunja kioo chake. Kabla hajatoka akaniomba kitu kimoja, na namna alivyokiomba, kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba moto kwa jirani, ilinikosesha raha siku nzima. Alisema hataki kufukua mtu. Anataka damu ya mmoja tu, atakayefuata. "Nipe mmoja tu, Bibi. Nikikuta ni moyo, nitakuja kukuomba radhi mbele ya mji."

Nilimjibu kwamba mimi siwagawi maiti.

*

Mimi na Mwashi ni waosha maiti. Mwanamke akifariki Ngelewa tunaitwa sisi, tunakuja na ndoo zetu, majani ya mkunazi na karafuu maiti, na kabla ya adhuhuri amekwisha kusitiriwa. Kazi hii nimeifanya miaka thelathini, na mwenzangu ndiye aliyenifundisha namna ya kushika kichwa.

Miaka minane iliyopita serikali ilileta chombo kinachoitwa Shahidi. Mwanzoni kilikuwa na jicho na sindano. Jicho la kumtazama maiti, sindano ya kumchukua damu, ili kila kifo kiandikwe sababu yake ya kweli. Wanawake wa Ngelewa tulikikataa. Tulisema marehemu hatazamwi na chuma, na hachomwi sindano mtu ambaye hawezi kusema inauma. Tulikaa mbele ya ofisi siku tatu. Mwisho wakakubaliana na wazee wetu: Shahidi atang'olewa jicho, sindano itafungiwa kabatini, na badala yake mwosha maiti atajibu maswali kwa mdomo wake. Wakampa Shahidi sikio la ajabu. Ukisema uongo, hata uwe umeukariri, anausikia kwenye koo, anakuandika mwongo.

Maswali yake ni matatu. Kuna jeraha? Kulikuwa na homa? Mkono wa marehemu ulionekana kifuani? Ukijibu la kwanza hakuna, la pili hakuna, la tatu ulionekana, anatoa cheti pale pale: moyo. Mnazika. Ukisitasita kwenye lolote, sindano inatoka kabatini, marehemu anapelekwa mkoani kwenye sanduku la baridi, anarudi baada ya siku mbili, na mama yake siku mbili hizo hali wala halali.

Mwaka ule ule wa kwanza alikufa binti mmoja aliyekunywa sumu ya panya kwa sababu anazozijua mwenyewe. Mama yake alitushika miguu. Aliomba mji usijue. Mwashi akaniangalia, nami nikamwangalia. Kisha akauchukua mkono wa yule binti, akaulaza juu ya kifua chake, taratibu, kama unavyomlaza mtoto. Shahidi akauliza kutoka nyuma ya pazia: mkono wa marehemu ulionekana kifuani? Nikautazama. Ulikuwa pale.

"Ulionekana," nikasema. Koo langu halikutetemeka, maana nilisema nilichokiona.

Tulimfichia mama mmoja aibu yake, na wallahi sijajuta kwa hilo. Ninachojutia ni kwamba hatukuishia pale. Aliyefuata tulimwekea mkono ili wanaume wasikae juani. Wa tatu, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Baadaye hata hatukuangaliana tena. Ilikuwa sehemu ya kuosha, kama kuanza upande wa kulia.

Huko makao makuu wakahesabu, wakashtuka. Wakasema Ngelewa inakufa kwa moyo. Wakatujengea kliniki ya moyo yenye sakafu inayong'aa. Wakatupachika kidundo, kila mtu mzima, kitu kidogo kama punje ya mtama chini ya mtulinga, kinachopiga kelele moyo ukiyumba. Na kweli kilipiga kelele. Alfajiri za kipupwe tulikuwa tukisikia kidundo cha jirani kinalia, watu wanakimbia, wanavunja mlango wa jiko, wanamkuta mama wa watu chini, wanamkanda kifua mpaka jasho linawatoka. Wote walikimbilia kifua. Sijasikia hata mmoja aliyekimbilia dirisha.

*

Sasa nikwambie habari ya viganja.

Maiti anapoa, anafifia, rangi inamtoka kwenye kucha na midomo. Nimeosha wengi, najua. Lakini hawa wa alfajiri hawakufifia. Viganja vyao vilikuwa vyekundu kama pera lililopasuliwa, kucha zao nyekundu, midomo kama ya bibi harusi. Mara ya kwanza nilimwonyesha Mwashi. Akatoa machozi. Akasema hiyo ni dalili ya mwisho mwema, mwenzetu ameondoka na hina ya peponi. Tukawaambia wafiwa, na wafiwa wakafarijika. Habari ikaenea, mpaka ikawa mtu akifiwa anakuja kutunong'oneza mlangoni: alikuwa na hina? Tukisema alikuwa nayo, analia kwa furaha.

Nami nilikuwa nikisema. Ila moyoni nilianza kuhesabu. Bi Tausi, ambaye tulimjua wote kwa ulimi wake, alikuwa na hina. Msichana wa kazi aliyeiba mkufu, alikuwa nayo. Mzee wetu Bi Mwajuma, aliyesali na kufunga miaka sabini akafa kitandani mchana kweupe, hakuwa nayo hata kidogo. Alipauka kama majivu. Nikajiuliza hiyo pepo inachagua watu kwa kigezo gani. Nikaona inachagua waliofia jikoni.

Jiko lenyewe, karibu kila nyumba hapa ina la poda. Lililetwa kuokoa miti. Unamimina poda ya kijivu, unafunga kifuniko, linawaka bila moto wala moshi wala harufu, na jikoni kunabaki kusafi kama sebuleni. Wakati wa joto tunapikia milango wazi. Kipupwe kikija tunafunga kila tundu, tunaziba hata chini ya mlango kwa kanga kuukuu, maana jiko linatia joto zuri na baridi ya Ngelewa inaingia mifupani. Poda nayo wakati huo inashika unyevu, inaganda mabonge, inaungua nusunusu.

Mjukuu wangu Nyamizi ana ujauzito wa miezi saba. Kila asubuhi kichwa kilikuwa kinamwanga na anatapika, na kliniki walimwambia ni moyo, wakampangia tarehe ya kumbadilishia kidundo awekewe kikubwa zaidi. Siku moja nikaenda kumpelekea uji nikamkuta amekaa nje kizingitini, analia. Jana yake aliwaingiza kuku jikoni kwa ajili ya kicheche, na jiko alikuwa ameliacha linachemsha maharage. Kuku sita, wote wamelala chali. Vishungi vyao vyekundu kuliko nilivyowahi kuviona. Nikamchukua mmoja, nikampasua. Nyama yake ilikuwa nyekundu kama pera.

Nilisoma mpaka darasa la saba tu. Lakini kuku sita hawawezi kupata ugonjwa wa moyo usiku mmoja.

Nikalibeba jiko, nikalitoa nje mwenyewe, nikaliweka chini ya upenu. Nikamwambia Nyamizi, tangu leo unapikia hapa, na ukinirudishia ndani hunioni tena. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia joto si zuri kwa mtoto. Baada ya siku tatu kichwa kikaacha kumuuma.

Na mimi, baada ya hapo, nilinyamaza.

Nataka uelewe nilivyofikiri, usidhani nililala fofofo. Nikisema ni jiko, wataniuliza nimejuaje, na mbona nilishuhudia moyo. Nikisema niliona viganja, wataniuliza mkono ulifikaje kifuani. Watafukua. Kila mama niliyemwambia mwanao ameondoka na hina, nitamwambia nini tena? Nikaanza kumtilia shaka kila mtu. Nilidhani fundi wa majiko ananitazama. Nilidhani Shahidi, pale ofisini alipowekwa, anasikiliza hata tunapopita barabarani. Nikawa napita njia ya nyuma.

Mwashi ndiye aliyeniona. Alipita kwa Nyamizi siku moja na kikapu chake cha mboga, akasimama. Akasema, "Kalunde, mbona jiko la mjukuu wako linalala nje kama mbuzi? Limekukosea nini?"

Nikacheka. Nikamwuliza bei ya mchicha.

Akanitania kwamba nimezeeka, sasa naogopa mpaka majiko. Akaenda zake, anacheka peke yake. Nami nilibaki namtazama mgongo mpaka akapinda kona ya kwake, anakokaa na binti yake Sikitu, mshonaji, ambaye huamka alfajiri kuwasha jiko ili vidole vipate joto la kushika sindano.

Ningeweza kumwita. Hatua ishirini tu.

*

Lusekelo alirudi baada ya majuma mawili. Safari hii shikamoo ilikuwa moja.

"Mlinzi ni moyo," akasema. "Kila anayekufa, moyo wake husimama. Kwa hiyo ukitaka kuusingizia unaweza kuusingizia kifo chochote." Akanitazama sawasawa. "Kitendawili chako kimebaki nusu, Bibi. Kama mlinzi ni moyo, mwizi ni nani?"

Nikamwambia vitendawili havina nusu.

Hakubisha. Akaniambia tu kwamba makao makuu wamepitisha vidundo vingine elfu nne kwa miji mitatu jirani, kwa sababu ya takwimu zetu. Na majiko ya poda nayo yanapelekwa huko huko, kwa sababu takwimu zetu hizo hizo zinaonyesha kwamba tangu yaje hakuna tena aliyekufa kwa moshi. Alilisema hilo la majiko kama mtu anayelipitia tu. Mimi nikahisi amelitega. Nikamchunguza uso nione kama anajua. Mpaka leo sina hakika.

Siku nne baadaye, wakati jua linachomoza, nikasikia kidundo kinalia upande wa kwa Mwashi.

*

Sikitu alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Nilimkata kitovu mimi.

Tulimlaza juu ya kitanda cha kuoshea, katika chumba cha uani. Nyuma ya pazia, dirishani, walishamweka Shahidi, kijivu, kama sahani iliyofunikwa. Nje wanaume walikuwa wameshakusanyika, jeneza liko tayari. Nilimwona Lusekelo amesimama nyuma yao, kofia mkononi, hakumsogelea mtu.

Mwashi hakutaka kusaidiwa na mwingine. Alimwosha mwanawe kama anavyowaosha wote, bila haraka, anamwambia maneno madogo madogo: inua mama, geuka mama. Nilimimina maji. Viganja vilikuwa vyekundu. Kucha zilikuwa nyekundu, na kwenye kidole cha shahada tundu za sindano zilionekana kama nukta.

"Ana hina," Mwashi akasema. Nikasikia sauti yake inaniomba niitikie.

Nikachukua kitambaa cha kumfutia.

Tukamfuta. Tukamwekea karafuu maiti. Kisha Mwashi akauchukua mkono wa kulia wa binti yake, akaubusu, akaulaza kifuani. Sheria haimruhusu mama kumtolea mwanawe ushahidi, kwa hiyo akarudi nyuma akanipisha. Akaninong'oneza nifanye upesi. Asilale mkoani, akasema. Anaogopa baridi, tangu mdogo anaogopa baridi.

Nikaingia karibu na pazia. Shahidi akaniuliza jeraha. Nikajibu hakuna. Akaniuliza homa. Hakuna.

"Mkono wa marehemu ulionekana kifuani?"

Ulikuwa pale. Ningeweza kusema ulionekana, na koo lisitetemeke, na kabla ya adhuhuri Sikitu amelala kwenye udongo wa kwao, na mama yake anafarijiwa na hina. Hakuna ambaye angejua. Nyamizi alikuwa salama, mtoto wake salama. Nikawaza ile miji mitatu, ambako sijawahi kufika wala sina ndugu hata mmoja. Nikawaza kipupwe bado kina wiki tano.

Nikarudi kitandani. Nikaushika ule mkono, nikautoa kifuani, nikaunyoosha ubavuni mwake. Mwashi akaushika mkono wangu mimi, kwa nguvu, kucha zikaniingia. Nikamwacha anishike.

"Haukuonekana," nikasema. "Tuliuweka sisi. Huu na mingine yote, tangu mwaka wa kwanza."

Shahidi akasema, kwa ile sauti yake ya mwanamke mpole, kwamba marehemu asizikwe, atachukuliwa damu. Huko ofisini, niliambiwa baadaye, kabati likafunguka lenyewe. Tulisikia nje watu wakiulizana.

Mwashi aliuachia mkono wangu. Hakupiga kelele, hakunipiga. Akavuta kanga, akamfunika mwanawe miguu, akaiweka sawa pembe moja baada ya nyingine, kisha akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa anatazama ukuta, upande wa kwa Nyamizi, kama vile ukuta haupo. Nikaona anaunganisha kitu na kitu. Mwenzangu si mjinga, hakuwahi kuwa.

"Siku ile nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza jiko la mjukuu wako limekukosea nini hata likalala nje. Ukaniuliza bei ya mchicha."

Maji yalikuwa bado yanachuruzika chini ya kitanda, yanafuata mfereji kwenda nje. Nilisubiri yakatike. Hayakukatika.

"Lilikuwa limeua kuku, Mwashi," nikasema. "Nikajua ndilo linaloua watu. Wangu nikamtoa. Wako nikamwacha ndani."